Mlango Utamwambia

"Sitamwambia mimi," Kaka alisema. "Mlango utamwambia."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja saluni kwangu, anajizungusha kushoto kulia kwa ncha ya kiatu, mtu mzima mwenye mvi. Mimi nilikuwa naosha vitana kwenye beseni. Kimoja kiliniponyoka kikaanguka sakafuni, na sikukiokota, maana ningeinama wakati ule ningeinuka na beseni zima.

Niseme mambo yalivyo, nisije nikaonekana mkali bure. Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, na saluni yangu iko chini, ukuta mmoja na mlango mkuu. Baba alipoanza kuchoka aliiandika nyumba kwa jina la Kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye maneno ya mikutanoni. Sisi wengine tuliachiwa kauli tu. Mimi nikaambiwa saluni ni yako mpaka utakapoichoka mwenyewe. Mama Mdogo akaambiwa ghorofa ya juu ni yake mpaka Mungu atakapomchukua. Baba alisema hivyo mbele yetu wote, akafa, na kauli ikabaki kwenye masikio ya waliokuwepo. Kaka naye alikuwepo. Ila masikio ya Kaka yana mlango wake.

Mama Mdogo ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki mimi sijajua kufunga kamba za viatu, Baba akamuoa yeye, na hizo kamba alinifundisha yeye. Kaka wakati huo tayari anaota ndevu. Hakumwita mama hata kwa bahati mbaya. Mpaka leo akimtaja ni "yule mama wa juu", utadhani mpangaji aliyechelewa kuhama.

Sasa kulikuwa na jamaa fulani anaitaka ghorofa ya juu aifanye ofisi, na Kaka alishampa neno. Mama Mdogo alikuwa hayupo, amekwenda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji. Kaka akaona nafasi yake ni hapo hapo. Kitasa cha mlango mkuu kitang'olewa, kitawekwa kile cha umeme, kila mpangaji apewe tagi yake, ile plastiki ndogo kama kifungo cha koti unayoning'iniza kwenye funguo. Unaigusisha kwenye kisanduku ukutani, kinalia tii, mlango unafunguka. Kila mtu atapewa isipokuwa mmoja. Atarudi na mabegi yake, atatoa ufunguo wa zamani, atakuta tundu la kuuchomeka halipo. Ataelewa. Atarudi kwa dada yake, na vitu vyake atapelekewa kwa heshima zote.

"Hakuna kelele, hakuna machozi," Kaka alimalizia, na alikuwa anaamini kabisa kwamba huo ni wema.

Nilimwambia anachotaka kufanya ni uoga. Akaacha kujizungusha. Akaitazama saluni taratibu, vioo, viti, ile mashine yangu ya kukausha, kisha akaniuliza kama napenda mahali hapa. Nikarudi kuosha vitana vyangu, kwa sababu nina watoto wawili shule na sina mlango mwingine wa kwenda. Akanipigapiga begani, akaniambia nimtafute Fundi Kengele, nichague tagi nzuri, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda hapa na wapangaji wananijua. Yaani kisu akinoe yeye, mimi nichague mpini.

Fundi Kengele alianza maisha kwa kufunga kengele za milangoni, ndiyo maana ya jina. Siku hizi anafunga kila kitu chenye waya na anaongea kuliko redio zake. Alikuja saluni, akasukuma vitana vyangu pembeni, akapanga tagi mezani kama mwenye kuuza shanga. Za kwanza zilikuwa nyeusi, kubwa kidogo, zenye kitufe katikati. Unabonyeza ukiwa bado uko kwenye gari, mlango unafunguka kabla hujafika. Hizo nilizikataa papo hapo, maana mpangaji akizikalia kwenye kochi mlango utakuwa wazi jioni nzima. Akacheka, akasema wengi hawalifikirii hilo.

Za pili zilikuwa nyeupe, nyembamba, na Fundi alizishika kwa ncha za vidole kama mayai. Hizi zinaongozwa na simu. Mwenye nyumba anakaa kwake, anafungua simu, anaona majina yote, nani kaingia, nani katoka. Akimchoka mtu anagusa jina lake, basi, kwisha habari yake. Si lazima mkutane. Si lazima hata mjuane.

Nikamwona akilini Kaka amelala kitandani kwake, dole gumba liko juu ya jina la Mama Mdogo. Hata kama ningemtafutia Mama Mdogo tagi, dole lile lingemfuata popote.

Nikauliza zile za buluu zilizobaki kwenye mfuko ni za nini. Fundi akakunja pua. Hizo ni za zamani, akasema, zina usumbufu. Hakuna simu, hakuna majina. Kisanduku chenyewe hakijui watu. Kinajua tagi tu, na kinafundishwa na tagi moja nyekundu, tagi kuu. Ukiigusisha nyekundu mara moja inafungua mlango kama zile nyingine. Ukiishikilia hadi taa iwe ya njano, kisanduku kinakaa tayari kujifunza, na kila tagi itakayoguswa hapo inapokelewa. Nikamuuliza ukitaka kumwondoa mtu mmoja. Akasema hapo ndipo penye adha: labda uwe na tagi yake mkononi, umnyang'anye. Usipokuwa nayo, unafungua kisanduku, unabonyeza kitufe cha ndani, unafuta wote, kisha watu wote waje mlangoni tena, mmoja mmoja, uwafundishe upya. Na hata nyekundu yenyewe inafutika. Ukishafuta, tagi ya kwanza kugusa ndiyo inakuwa kuu, kwa hiyo uwe mwangalifu.

Alikuwa ananieleza ubaya wake. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine kabisa. Nilikuwa nasikia kwamba kwa tagi hizi hakuna mtu anayeweza kutolewa kwenye nyumba kimyakimya. Ama umfuate umwangalie usoni umwambie nipe, ama uwaite wote mlangoni na wote waone.

"Nataka za buluu," nikasema.

Fundi alinitazama kama mteja aliyeomba kunyolewa nusu kichwa. Nikamwambia aende akalete vifaa, Kaka niachie mimi.

Na Kaka alikuwa kazi. Alishasikia habari za tagi za simu, alizitaka kwa moyo wote. Nilimpigia, nikaanza kumpaka mafuta. Nikamwambia nyeupe ni nzuri, ila ajue tu kwamba mwenye simu ndiye mlinzi. Breki, yule dereva wa ghorofa ya kwanza, akisahau tagi yake kwenye lori, atampigia yeye. Nesi wa ghorofa ya pili akitoka zamu hajiwezi kwa usingizi, tagi haioni kwenye mkoba, atampigia yeye. Wapangaji wote namba yako wanayo, Kaka, na wanajua uko macho. Nilimsikia anahema. Kama kuna kitu Kaka anakichukia kuliko ukweli, ni kupigiwa simu akiwa mezani. Akaniuliza zile nyingine zikoje. Nikamwambia ni za kawaida, na tagi nyekundu ya kutawala zote atakaa nayo yeye. Neno kutawala lilimwingia vizuri. Kuhusu kufuta sikumwambia, na yeye hakuuliza, kwa kuwa alidhani hatahitaji kufuta kitu.

Kitasa kilifungwa Jumamosi. Kaka alikuja mwenyewe, kavaa koti jua lote lile, akasimama kando ya kisanduku na nyekundu mkononi. Wapangaji walishuka na kila mmoja akapewa ya buluu. Breki aligusisha ya kwake mara tatu kwa furaha ya kusikia tii, mpaka Kaka akamkoholea. Nesi akagusisha ya kwake na ya mumewe. Mafundi cherehani wawili, mtu na mdogo wake, wakagusisha zao. Nami nikaja na tatu kiganjani.

Nikagusisha ya kwangu. Tii. Nikagusisha ya watoto. Tii. Nikaisogeza ya tatu, na Kaka akaweka mkono mbele ya kisanduku.

"Hiyo ya nani?"

Ningeweza kusema ni ya akiba. Angeichukua. Ningeweza kusema ni ya binti wa kazi. Angeniuliza yupi, maana sina. Nilimtazama machoni nikamwambia, "Ya anayekunja mataulo."

Na ilikuwa kweli tupu. Kila siku ya Mungu Mama Mdogo anashuka saluni, anakaa kwenye kile kistuli karibu na dirisha, anakunja mataulo yangu yote kwa namna yake, anayakunja mara tatu na kona ndani, na ukiyakunja vingine anayakunjua. Kaka hajawahi kukaa saluni kwangu muda wa kutosha kujua nani anakunja nini. Aliondoa mkono. Tii. Nikarudi ndani nikakaa.

Mama Mdogo alirudi Jumatatu. Nilimsubiri kituoni, nikamwahi kabla hajafika mlangoni, nikampokea mabegi na kumpa tagi. Nikamwambia wamebadilisha kitasa, siku hizi ni hivi. Hapo ndipo ningesema. Barabara yote kutoka kituoni maneno yalikuwa mdomoni, nayahamisha shavu hadi shavu. Lakini alikuwa amechoka, amekonda, anasimulia habari za dada yake na kidonda chake, na nikajiambia kesho. Aligusisha tagi, mlango ukafunguka, akacheka kama mtoto. Akaniambia Kaka yako kafanya jambo la maana, nikimwona nitamshukuru. Nilibeba mabegi mpaka juu, nimeinama ili asiuone uso wangu.

Kesho ikaja na wateja wake, ikaondoka, na keshokutwa nayo hivyo hivyo.

Kaka alifika siku iliyofuata na yule jamaa wa ofisi, kumwonyesha ghorofa. Niliwasikia wakipanda ngazi, Kaka anaeleza habari za upepo na mwanga. Kisha mlango wa juu ukafunguka. Kisha nikawasikia wakishuka upesi, na sauti ya Mama Mdogo inawafuata kutoka juu, inawaomba wasiondoke hivi hivi, chai iko tayari.

Kaka aliingia saluni baada ya kumsindikiza mgeni. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, akamtazama mteja, akasubiri mpaka nimemfungia kilemba na kumtoa nje. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba sasa ameelewa nani anakunja mataulo. Nikamwambia kama anaitaka ile tagi, ngazi ni zile, apande akaiombe. Mama yuko juu, chai iko tayari, amesikia mwenyewe. Kaka yangu anaweza kusimama mbele ya watu mia akahutubia, lakini kupanda ngazi zile akamnyooshea mkono mwanamke mmoja aliyekuwa akimpakulia chakula, hakuweza. Akatoa simu akampigia Fundi Kengele, akamuuliza kuna njia gani ya kumtoa mtu bila tagi yake. Fundi, na mdomo wake usiofungika, akamwambia.

"Ukifungua kinywa chako," Kaka aliniambia akikata simu, "saluni hii nayo itapata mtu."

Siku mbili baadaye alingoja siku nzima ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, mtu na koti lake. Nami nilijua anangoja nini. Jioni, watu wanapoanza kurudi makazini, Mama Mdogo huwa anachukua kikapu anakwenda duka la kona kununua mkate. Kaka alimwona akitoka. Alipopotea tu kwenye kona, Kaka akavuka barabara, bisibisi mkononi, simu kaibana kwa bega sikioni. Nilitoka nikasimama mlangoni kwangu na taulo begani. Hakunitazama. Alilegeza kisanduku, Fundi anamwelekeza kwenye simu, akaingiza kidole, akabonyeza. Kisanduku kililia mlio mrefu, na taa yote ikazima.

Basi, nyumba nzima ikawa haimjui mtu. Breki aliyekuwa njiani, Nesi, watoto wangu waliokuwa tuisheni, hakuna aliyekuwa na mlango. Alikuwa amewafuta wote ili amfute mmoja. Mpango wake ulikuwa wepesi: wapangaji wengine wakifika awafundishe tena mmoja mmoja, na yule mama wa juu akirudi na mkate wake agusishe, kisanduku kinyamaze. Atadhani ni ubovu. Atagonga. Ataambiwa kesho. Kesho naye ataelewa.

Fundi akamwambia kwenye simu, nilisikia mpaka nilipo: sasa gusisha nyekundu, iwe ya kwanza.

Kaka akajipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto, wa koti, wa shati. Kisha nikamwona anageuka kutazama gari. Ile nyekundu alikuwa ameining'iniza kwenye kioo cha ndani cha gari tangu Jumamosi, kama pambo, kila anayepita aione. Akaenda kuifuata. Magari ya jioni yalikuwa yamebanana, akasimama ukingoni mwa barabara, anaingiza mguu, anarudisha.

Nikageuza shingo, na Mama Mdogo alikuwa ameshakata kona.

Anatembea pole pole, kikapu mkono wa kushoto, tagi tayari iko mkono wa kulia, maana aliipenda ile tii yake. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia, kati yake na mlango. Nilimtazama Kaka: amefika kwenye gari, anavuta mlango wa gari, umejifunga, anatafuta funguo. Nilimtazama Mama Mdogo. Ningemwambia tu "ngoja kidogo, Mama, Kaka anatengeneza", na yote yangeisha kama Kaka alivyopanga. Saluni yangu ingebaki. Hakuna ambaye angejua, hata yeye.

Nilisogea kumpisha.

Akanisalimia, akaniuliza mbona nimesimama nje na taulo, akagusisha. Kisanduku kililia mlio ambao sikuwa nimeusikia bado, mrefu, unapanda, na taa ikawaka njano. Mlango haukufunguka. Akaguna, akadhani hakikusikia, akagusisha tena. Tii. Mlango ukaachia. Akausukuma kwa bega, akaweka kikapu kizingitini usijifunge, kwa kuwa alimwona Kaka anavuka barabara mbio mbio kuja kwetu, na alitaka kumshikia mlango.

"Karibu, mwanangu," akamwambia. "Afadhali umerudi. Juzi hamkukaa hata kidogo."

Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku, akaziba njia ya mlangoni, akaigusisha nyekundu. Taa ikawa nyekundu, kikakoroma. Akaigusisha tena, akaishikilia, akaifuta kwenye koti, akaishikilia tena. Kikakoroma. Wakati huo Breki ameshafika, Nesi nyuma yake na mkoba wake wa kazi, wale mafundi cherehani wawili, watoto wangu na mabegi ya shule. Breki akajaribu tagi yake, ikakataliwa, akajaribu tena, ikakataliwa tena. Akauliza kuna nini. Kaka akampigia Fundi tena, na kwa haraka yake aligusa asipotaka, na simu ikapaaza sauti watu wote wakasikia.

"Nani aligusa kwanza?" Fundi aliuliza.

Mwanangu mdogo, ambaye hajui kukaa na jambo, akasema bibi ndiye aliyekuwa mlangoni. Fundi akacheka kule aliko. Basi ndiye mwenye tagi kuu, akasema, hakuna shida, aishike pale taa iwe njano, awaingize wote. Au kama hutaki, mzee, fungua kisanduku ufute tena uanze upya na nyekundu yako.

Kaka akaichukua bisibisi.

"Afute tena kwa nini?" Breki aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa ametoka safari, anataka kuoga. "Si ya Mama inafanya kazi?"

Nesi naye akasema anataka kuingia, amesimama tangu asubuhi. Watu wote wakamtazama Kaka, wanangoja jibu la kawaida kwa swali la kawaida. Na Mama Mdogo, ambaye alikuwa bado ameshikilia mlango kwa bega, akaitazama ile bisibisi, akaitazama tagi kiganjani mwake, akamtazama Kaka. Niliona uso wake unabadilika polepole, kuanzia machoni. Hakuwa mjinga huyu mwanamke. Aliyakumbuka ya juzi, mgeni aliyekuwa anapima madirisha kwa macho, na mimi nilivyomfuata mpaka kituoni na tagi mkononi.

"Kwani yangu ina nini?" akamuuliza.

Hapo ndipo Kaka alipotakiwa kusema. Alikuwa na watu wa kumsikiliza, alikuwa na nyumba kwa jina lake, alikuwa na bisibisi. Alifungua mdomo. Nilisubiri, na nakiri nilikuwa nimelikamata lile taulo kwa mikono miwili kama shingo ya mtu. Niliomba aseme, yaishe, nimpe vidonge vyake mbele ya wote, saluni na iende. Nikaomba pia asiseme.

"Haina kitu," Kaka alisema.

Akaiweka bisibisi mfukoni. Mama Mdogo akangoja kidogo zaidi, akimpa nafasi. Alipoona hakuna kinachofuata, akasogea kwenye kisanduku, akashikilia tagi yake mpaka taa ikawa njano, na akamwambia Breki alete ya kwake. Tii. Nesi. Tii. Mafundi cherehani, watoto wangu, mimi. Aliwapokea mmoja mmoja na kumuuliza kila mtu habari za kutwa. Wakaingia, ngazi zikajaa vishindo vya viatu, tukabaki watatu.

Kaka alikuwa anatazama barabara. Ile nyekundu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Na wewe lete," Mama Mdogo akamwambia.

Kaka akanyoosha mkono bila kugeuza uso, na Mama Mdogo akaitoa nyekundu kwenye vidole vyake, akaigusisha, akamrudishia. Sasa nayo ilikuwa tagi ya kufungulia mlango tu, kama zetu. Kaka akaitia mfukoni, akavuka barabara. Hajazungumza tena habari za ofisi, wala za saluni yangu. Akija siku hizi anagusisha kama mtu yeyote, na anapiga hodi kwanza.

Mimi nilikuwa nimejaa furaha. Niliokota kikapu, nikamwingiza Mama Mdogo saluni, nikamkalisha kwenye kistuli chake, nikaanza kumsimulia yote, jinsi nilivyochagua za buluu makusudi, nilivyomzunguka Kaka kwenye simu, lile jibu la mataulo. Nilisimulia kwa mikono na miguu. Nilitegemea acheke. Alikuwa amechukua taulo begani kwangu na analikunja, mara tatu, kona ndani.

"Kwa hiyo ulijua tangu kabla sijarudi," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na pale mlangoni ulijua nikigusisha itakuwaje."

Nikasema nilijua. Akaliweka taulo juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Kaka yako aliogopa kuniambia, akauachia mlango," akasema. "Wewe je, mwanangu, uliogopa nini?"

Nje mtu alipita akagusisha tagi, kisanduku kikalia, mlango ukafunguka na kujifunga. Mama Mdogo akanipa taulo moja nilikunje, na nilipolikunja vibaya alilichukua akalikunjua.